Miaka ya jeshi kwenye pensheni ya serikali: ni zawadi, ni haki, ama ni kununua?

Haya ni maneno niliyoongea Jumamosi jioni kwenye kikao cha mtandaoni cha Wakenya walio Marekani na wenzao wa huku nyumbani. Wengi walikosa, wakaomba yawekwe kwa maandishi. Kanuni ya hapa mnaijua: hatutaji mwanasiasa wala chama. Ukitaja jina kwa maoni, nafuta.

 

Mada ya leo ililetwa na video iliyozunguka kwa makundi yetu wiki mbili zilizopita. Jamaa anapiga kelele kwamba Marekani askari akitoka jeshini akaingia kazi ya serikali "analipwa mara mbili kwa miaka ile ile". Chini yake mwingine akajibu kwa hasira kwamba askari wale wanaibiwa, kwa sababu wanalazimishwa kulipa pesa yao ya mfukoni ndiyo miaka waliyotumikia nchi ihesabiwe. Sasa, hao wawili hawawezi kuwa sahihi wote. Ukweli ni kwamba kila mmoja ameshika kipande chake tu.

Kwa nini inatuhusu sisi? Kwa sababu Wakenya wako ndani ya mambo haya. Kuna waliojiunga na jeshi la Marekani wakiwa na green card. Kuna walioingia kupitia ule mpango wa MAVNI, ulioanza 2009 na kusimamishwa 2016, uliochukua wageni wenye ujuzi wa udaktari ama wa lugha zilizohitajika, Kiswahili kikiwemo. Wengi wao walipata uraia, wakamaliza mkataba wa miaka minne hivi, kisha wakaingia kazi za serikali kuu: wauguzi kwenye hospitali za wanajeshi wa zamani, posta, forodha. Hao ndio naongea nao leo hasa. Wanasiasa wataendelea kupiga kelele. Wewe una tarehe ya mwisho.

Tuanze na mfumo. Mfanyakazi wa serikali kuu ya Marekani leo yuko chini ya mpango unaoitwa FERS. Sheria yake ilipitishwa 1986 na ikaanza kazi Januari 1987. Hesabu yake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Unachukua wastani wa mshahara wako wa miaka mitatu mfululizo uliyolipwa vizuri zaidi, unatoa asilimia 1, unazidisha kwa idadi ya miaka ya utumishi. Ukistaafu ukiwa na miaka 62 ama zaidi, na utumishi wa miaka 20 ama zaidi, hiyo asilimia inakuwa 1.1. Basi. Kwa kulinganisha tu, huku kwetu mfumo wa zamani wa pensheni ya serikali unahesabu sehemu moja ya 480 ya mshahara kwa kila mwezi wa utumishi, yaani asilimia 2.5 kwa mwaka. Kwa hivyo mtu akikuambia pensheni ya serikali ya Marekani ni donge, mwambie apige hesabu kwanza.

Sasa miaka ya jeshi. Chini ya FERS, miaka uliyokaa kwenye utumishi wa jeshi wa muda wote, baada ya 1956, haiingii kwenye hesabu hiyo yenyewe. Lazima uinunue. Bei ni asilimia 3 ya mshahara wa msingi uliolipwa jeshini. Nasema mshahara wa msingi: posho ya nyumba haimo, posho ya chakula haimo, marupurupu ya vitani hayamo. Kuna nyongeza kidogo kwa miaka ya 1999 na 2000, lakini hiyo inawagusa wachache.

Mbona 1956? Kwa sababu kuanzia Januari 1957 wanajeshi waliingizwa kwenye mfumo wa kitaifa wa hifadhi ya jamii, ule wa uzeeni wa kila mtu. Serikali ikasema: miaka hii tayari inakuzalia kitu kule, ukitaka ikuzalie na huku, changia.

Hebu tupige hesabu, kwa sababu maneno matupu hayajazi chungu. Tuseme dada mmoja alitumikia miaka minne, na jumla ya mshahara wake wa msingi kwa miaka hiyo yote ni dola 100,000. Asilimia 3 ni dola 3,000. Hiyo ndiyo bei. Tuseme siku ya kustaafu wastani wake wa miaka mitatu ni dola 70,000. Miaka minne kwa asilimia 1 ni asilimia 4, yaani dola 2,800 kila mwaka, mpaka Mungu amchukue. Amelipa 3,000 mara moja. Mwaka mmoja na mwezi hivi pesa yake imerudi. Akiishi miaka 20 baada ya kustaafu, ni dola 56,000, bila hata kuhesabu nyongeza za mfumko wa bei.

Kuna faida ya pili ambayo watu huisahau. Miaka hiyo haiongezi tu kiasi, inasogeza na siku yenyewe ya kutoka. Kwa FERS unaweza kustaafu na pensheni kamili ukiwa na miaka 62 na utumishi wa miaka 5, ama 60 na utumishi wa 20, ama ukifikisha umri wa chini wa kustaafu (kwa waliozaliwa 1970 na baadaye ni 57) na utumishi wa 30. Mtu aliye na miaka 16 ya kazi ya kiraia na 4 alizonunua ana 20. Huyo anatoka na 60 badala ya kungoja 62. Lakini angalieni hapa: ile miaka 5 ya kwanza lazima iwe ya kazi ya kiraia. Ya jeshi haiwezi kukufungulia mlango, inakuongezea tu ukishaingia.

Sasa nije kwa tarehe, kwa sababu hapa ndipo watu wanaumia.

Riba haianzi siku ya kwanza. Unapewa miaka miwili tangu uingie FERS, na riba yenyewe inaandikwa mwisho wa mwaka unaofuata. Kwa vitendo, ukimaliza kulipa kabla hujafikisha miaka mitatu kazini, hulipi hata senti ya riba. Ukipitisha, riba inapanda juu ya riba mwaka baada ya mwaka. Nimeona mtu aliyeambiwa deni lake ni karibu mara mbili ya bei ya mwanzo, na bado hesabu ilimwonyesha ni afadhali alipe. Kwa hivyo usikate tamaa kwa sababu umechelewa. Piga hesabu.

Tarehe ya pili haina msamaha: lazima umalize kulipa kabla hujaacha kazi. Ukishatoka, mlango umefungwa. Hii ndiyo sababu nilikubali kuongea leo. Mnakumbuka mwanzoni mwa 2025 wafanyakazi wa serikali kuu kule walipewa nafasi ya kujiuzulu huku wakilipwa hadi mwisho wa Septemba. Kuna dada yetu mmoja, muuguzi, alikubali, akafunga virago. Alikuwa na miaka 11 ya kiraia na 4 ya jeshi. Alikuwa anakatwa kidogo kidogo kwenye mshahara kulipia ile ya jeshi, na alidhani salio litaendelea kukatwa kwenye pensheni yake baadaye, kama mkopo wa sacco. Ofisini kwake hakuna aliyemwambia vingine, na yeye hakuuliza. Salio lilikuwa kama dola 900. Alijua wiki tatu baada ya kutoka. Mniambie, dola 900! Harambee ya dakika kumi kwa hili kundi letu ingetosha.

Kwa hivyo kama bado uko kazini, fanya hivi kesho asubuhi. Chukua ile DD-214 yako, cheti cha kutoka jeshini. Utumishi lazima uwe uliisha kwa heshima. Jaza fomu RI 20-97, itume kwa ofisi ya malipo ya tawi la jeshi ulilokuwa, wakuandikie mshahara wako wa msingi ulikuwa kiasi gani. Wakirudisha, peleka pamoja na fomu SF 3108 kwa ofisi ya wafanyakazi kazini kwako. Watakupa bei. Unaweza kulipa mara moja ama ukakatwa kwa mshahara. Ukimaliza, dai karatasi inayosema imelipwa yote, na uiweke mahali mke ama mume wako anapajua. Na hilo la mwisho si mapambo: mfanyakazi akifariki akiwa bado kazini kabla ya kulipa, mjane wake anaweza kulipa na miaka ikahesabiwa. Lakini mjane asiyejua hawezi kuomba.

Swali lililokuja sana: "Je, likizo nayo?" Likizo ni tofauti. Kwa kiwango cha kupata likizo, miaka ya jeshi ya mtu ambaye si mstaafu wa jeshi inahesabiwa bure. Watu huona likizo imepanda wakadhani na pensheni imeshughulikiwa. Hapana.

Turudi kwa kelele za video. Je, ni kulipwa mara mbili?

Kuna watu wa aina mbili, na mjadala huwachanganya. Wa kwanza ni aliyetoka jeshini kabla ya miaka 20. Kwa mfumo wa zamani, huyo alitoka bila pensheni yoyote ya jeshi. Miaka 4, miaka 10, hata 19, sufuri. Tangu 2018 wanaoingia wanapata angalau akiba yenye mchango wa serikali, lakini pensheni ya kila mwezi bado inangoja miaka 20. Kwa huyu, kununua miaka si kulipwa mara mbili, kwa sababu hakulipwa pensheni hata mara moja.

Wa pili ni mstaafu wa jeshi, aliyemaliza 20 na tayari anapata pensheni yake. Huyu sheria inamwambia chagua. Ukitaka miaka ya jeshi iingie FERS, achia pensheni ya jeshi. Wengi hawaachii, na ni busara. Tuseme anapata nusu ya mshahara wa msingi wa dola 5,000, yaani 30,000 kwa mwaka. Akiihamisha ile 20 kwenye kazi ya dola 80,000, inamletea 16,000. Nani atauza ng'ombe anunue mbuzi? Kwa hivyo anabaki na pensheni ya jeshi kwa miaka ya jeshi, na ya kiraia kwa miaka ya kiraia. Ni hundi mbili, kweli, lakini ni za miaka tofauti. Zamani hata hivyo hawakuachwa: kuanzia 1964, maafisa wastaafu wa jeshi la kudumu walioingia kazi ya kiraia walikatwa pensheni yao. Makato hayo yalifutwa Oktoba 1999, na ubishi wa leo mwingi ni majivu ya moto ule.

Lakini nisiwe wakili wa upande mmoja. Wakosoaji wana hoja mahali pawili. Mstaafu wa jeshi la akiba anaweza kununua miaka yake ya utumishi wa muda wote bila kuachia pensheni yake ya akiba, na aliyestaafishwa kwa ulemavu wa vitani pia haachii. Huyu wa vitani sioni wa kumnyooshea kidole. Huyu wa akiba, kwa maoni yangu, ndiye anayepata miaka ile ile ikihesabiwa kotekote, na anayetetea mfumo angesema hivyo waziwazi. Hoja ya pili ni bei. Mfanyakazi aliyeajiriwa kuanzia 2014 anakatwa asilimia 4.4 ya mshahara wake wa leo. Askari ananunua kwa asilimia 3 ya mshahara mdogo wa zamani, halafu analipwa kwa kipimo cha mshahara mkubwa wa mwisho. Tofauti inabebwa na mlipa ushuru. Unaweza kusema ni sawa kwa mtu aliyeweka mwili wake mbele, mimi nasema ni sawa, lakini usiseme haina gharama.

Na yule anayesema wanaibiwa? Kulipa 3,000 upate 2,800 kila mwaka, wizi huo na mimi niibiwe.

Swali la mwisho lilitoka kwa mzee mmoja wa Eldoret, kijana wake yuko Texas: "Akipata fidia ya ulemavu kutoka idara ya wanajeshi wa zamani, akinunua miaka atanyang'anywa?" Hapana, mzee. Fidia ile haiguswi na ununuzi huu. Mwambie anunue, na umuulize aliajiriwa lini. Mzee alijibu, "Miaka miwili na miezi minane." Nikamwambia basi ampigie simu usiku huu huu, asingoje kukuche.