Jiwe Lisilo na Sura ya Mtu

Hotuba kwa vijana na mafundi wa kuchonga malakiti, Likasi



Nimeombwa niseme namna mawe ya kuchongwa yanavyoweza kusaidia amani. Nitaanza mbali kidogo, kisha nirudi hapa kwetu.

Huko Kenya, upande wa Naivasha, kuna jiwe jeusi linalong'aa kama chupa. Ni kioo cha volkano: moto uliotoka chini ya ardhi ukapoa haraka. Watu wa kale walilipasua wakapata visu vikali. Mwaka 2018 wataalamu walitangaza kwamba vipande vyake vyenye umri wa miaka 300,000 hivi vilikutwa Olorgesailie, makumi ya kilomita kutoka vilikotoka. Wanafikiri makundi ya watu yalikuwa yakibadilishana vitu. Jiwe lilitembea kwa sababu watu walikubali kukutana.

Sisi wa Likasi hatuna kioo hicho, tuna malakiti. Maji yenye shaba yalipita katika nyufa za mwamba, yakaacha tabaka juu ya tabaka, kijani kizito na kijani chepesi. Babu zetu waliliyeyusha jiwe hili kwa makaa katika tanuru za udongo, wakapata shaba, wakaimimina katika umbo la msalaba. Misalaba hiyo ililipa mahari na ilifika mbali kwa biashara. Leo mafundi wetu hulikata na kulisugua, wakatoa tembo, mamba na mikufu. Nanyi vijana, msiache kulilowesha kwa maji mnapolikata, maana vumbi lake linadhuru mapafu.

Lakini mji huu una kidonda. Mwaka 1992 na 1993, wanasiasa walipogombania madaraka, watu wenye asili ya Kasai waliambiwa warudi kwao. Kwao ni wapi? Wazee wao waliletwa kufanya kazi katika migodi na reli, na wengi wao walizaliwa hapa hapa. Makumi ya maelfu walilala penye stesheni ya Likasi na katika mashule, wakingoja treni kwa majuma na miezi. Wako waliofia hapo, na wako waliofia njiani. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Ndugu mafundi, ombi langu ni hili: tuchonge kumbukumbu ya siku zile kwa malakiti yetu. Isiwe sanamu ya shujaa, wala isiwe na sura ya mtu. Tukichonga uso, watu watauliza mara moja: huyu ni nani, wa kabila gani? Na ugomvi utaanza upya. Jiwe lisilo na uso halina kabila. Mama aliyefiwa stesheni atamkumbuka mtoto wake hapo. Naye aliyesimama akitazama jirani yake akifukuzwa, atakuwa na mahali pa kuinamisha kichwa.

Hata hivyo tusijidanganye. Jiwe halipatanishi watu. Watu hupatana wakisemezana. Kwa hiyo kabla ya kushika patasi, wazee wa pande zote waketi pamoja, kila mmoja aseme aliyoyaona na asikilize ya mwenzake. Wakubaliane mahali litakapowekwa. Kisha kazi ifanywe na vijana wa makabila yote, katika karakana moja. Mafundi mnajua kwamba malakiti ni jiwe laini. Ukilipiga kwa haraka linapasuka. Mazungumzo haya nayo yanataka taratibu.

Wengine watasema, ya nini kufukua ya zamani? Mimi ninajibu: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Watoto waliozaliwa baada ya 1993 ni watu wazima sasa. Kama hatuwaelezi kilichotokea, atakayewaeleza ni mwanasiasa anayetafuta kura.

 Amani iwe kwetu sote.