Vijana wa Mara, ya Zanzibar Yalipita Butiama



Vijiweni mnaambiwa damu ya Zanzibar ni ugomvi wa Mwarabu na Mwafrika, Mpemba na Muunguja. Msimeze haraka. Hesabuni kura kwanza.

Juni 1961 mji ule wa masultani ulichafuka siku ya uchaguzi. Watu 68 walikufa, karibu wote Waarabu. Julai 1963 ASP ilipata asilimia 54 ya kura, ikaambulia viti 13 kati ya 31! Januari 12, 1964 Sultani Jamshid akapinduliwa, na waliochinjwa wengi walikuwa wachuuzi na wenye viduka vya shamba, si vigogo wa ikulu.

Wapinduzi nao wakafungia masanduku ya kura kwa miaka. Yalipofunguliwa kwa vyama vingi mwaka 1995, Salmin akatangazwa kwa asilimia 50.2, Maalim Seif 49.8. Januari 2001 polisi wakafyatulia risasi waandamanaji. Tume ya serikali yenyewe ilihesabu maiti 31. Zaidi ya watu 2,000 wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya.

Sasa njooni nyumbani. Machi 2008 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Butiama, kwa Mwalimu, muafaka na CUF ukiwa mezani. Ikataka kura ya maoni kwanza. CUF wakaziita danadana. Kura ikapigwa Julai 31, 2010, na asilimia 66 wakasema ndiyo.

Wewe wa hapa, waulize wakubwa wa chama hicho: miaka miwili ile walikuwa wanamsubiri nani?