Mtungaji na Kitabu Chake cha Kwanza
(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama, Ngulyati)



Tumeombwa kusema machache juu ya wenzetu watakao kutunga vitabu. Hapa Ngulyati hawakosi. Yuko mwalimu mwenye madaftari matatu ya hadithi za wazee wetu Wasukuma, na sanduku alimoyaweka limekwisha kuingia mchwa.

Twaanza na jirani yetu wa ziwani. Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945, kwa Kikerewe, riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, ili desturi za watu wake zisipotee. Wachapishaji hawakutaka kitabu cha lugha yenye wasomaji wachache. Ikambidi aifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikatolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Miaka 35! Mwaka 1981 mzee akafariki.

David Maillu wa Kenya hakungoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alianzisha Comb Books mjini Nairobi, akachapisha vitabu vyake mwenyewe, vikanunuliwa sana. Wengi walivichukia, na hatuwaombi mfuate maneno yake. Walakini mwaka 1980 kampuni ya Uingereza, Macmillan, ilimchapishia The Equatorial Assignment. Wakati huo alikwisha kuwa na wasomaji wake.

Je, sisi? Mashine hii itoayo gazeti letu yaweza kutoa kijitabu cha kurasa 40. Yataka stensili, wino, karatasi na pini, basi. Nakala 50 zatosha kwanza. Msiuze ng'ombe kwa ajili ya nakala 1,000. Sisi tulipata kufanya hivyo zamani, na wasomaji wetu wakubwa walikuwa panya wa chini ya kitanda.

Hatari yake ni kwamba hapana mhariri. Makarani twajua: aliyepiga chapa barua hayaoni makosa yake. Yapasa hati isomwe na wawili, mmoja mjuzi wa Kiswahili, wa pili mzee aijuaye hadithi yenyewe, naye asomewe kwa sauti. Kisha namba ya kitabu, ISBN, iombwe kwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na nakala zipelekwe huko zihifadhiwe.

Mwalimu wetu ameahidi kuleta daftari la kwanza Jumamosi. Stensili zipo.