Jamaa Moja ya Wanadamu



Katika sura ya 17 ya Matendo ya Mitume tunamkuta Mtakatifu Paulo mjini Atene, akiwahutubia watu waliojivunia sana asili yao. Anawafundisha kwamba wao na wale waliowadharau wana chimbuko moja, kwa kuwa Muumba wao ni mmoja. Tujiulize leo: je, twalisadiki fundisho hilo? Maana mara tutokapo kanisani husikika tukisema kwamba watu wa kabila fulani wana damu ya ukali, na wa rangi fulani wamezaliwa na hila.

Wapendwa, maneno hayo yana historia. Mwaka 1735 Carolus Linnaeus, mtaalamu wa Sweden, aliwagawa wanadamu katika makundi manne kwa kufuata mabara na rangi. Mwaka 1758 akayapa makundi hayo na tabia: Mzungu akaandikiwa uvumbuzi na utii wa sheria, Mwafrika akaandikiwa uvivu na hila. Ndivyo dharau ilivyovishwa joho la elimu.

Lakini elimu yenyewe ilipoendelea iliukana mgawanyo huo. Mwaka 1972 Richard Lewontin, mtaalamu wa urithi wa viumbe wa Marekani, alichunguza chembe za damu za watu wa sehemu nyingi za dunia. Aliona kwamba katika tofauti zote za urithi zilizopo kati ya wanadamu, kama asilimia 85 hupatikana miongoni mwa watu wa jamii moja, na asilimia 6 hivi tu ndizo zinazotenganisha yale yaitwayo mbari. Leo twajua pia kwamba watu wawili wowote hulingana katika vinasaba kwa kadiri ya asilimia 99.9, na kwamba tofauti nyingi kuliko zote zimo ndani ya Afrika yetu, kwa sababu ndiko binadamu alikoishi muda mrefu zaidi.

Mtu atauliza: mbona rangi zetu hazifanani? Ni kweli hazifanani. Ngozi hufuata ukali wa jua la mahali walipoishi wahenga. Tutazame na ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita ugonjwa wa watu weusi. Chembe yake ya urithi, mtu akiirithi kwa mzazi mmoja tu, humkinga na malaria kali. Kwa hiyo ilienea palipokuwa na malaria. Imo Afrika, imo Uarabuni, Bara Hindi, Ugiriki na kisiwa cha Sicily. Chembe hiyo imemfuata mbu, wala haikuuliza rangi ya mtu.

Basi, kama mbari hazikuandikwa katika damu, ziliandikwa wapi? Ziliandikwa na wanadamu, katika karatasi. Hapa jirani yetu, Rwanda, Wahutu, Watutsi na Watwa walisema lugha moja na kushirikiana koo zile zile. Mwaka 1863 John Hanning Speke, mpelelezi Mwingereza, alichapisha dhana kwamba watawala wa nchi za maziwa makuu walikuwa wageni wa mbari bora, wana wa Hamu. Baadhi ya wamisionari waliipokea dhana hiyo na kuieneza. Wabelgiji walipima pua na vimo, na baada ya sensa ya miaka ya 1933 na 1934 kila mtu akapewa kitambulisho kinachotaja kundi lake. Miaka sitini baadaye, kati ya Aprili na Julai 1994, vitambulisho hivyo vilidaiwa kwenye vizuizi vya barabarani, navyo vikawa hukumu ya kifo. Watu wapatao 800,000, au zaidi, waliuawa, wengi wao Watutsi. Maelfu waliuawa ndani ya makanisa, kama yale ya Nyamata na Nyarubuye, na miongoni mwa wauaji walikuwamo wabatizwa wengi. Tarehe 20 Machi 2017 Hayati Baba Mtakatifu Fransisko aliomba msamaha wa Mungu kwa ajili ya dhambi za Kanisa na za wana wake katika mauaji hayo.

Ndugu zetu makatekista, kwenu tuna ombi la pekee. Wapo bado wanaofundisha kwamba Waafrika wamelaaniwa kwa sababu ya Hamu. Someni tena sura ya 9 ya kitabu cha Mwanzo: Nuhu alimlaani Kanaani, na rangi ya ngozi haitajwi kabisa. Fundisho hilo lisisikike tena darasani.

Nanyi wazazi, kijana aletapo mchumba, ulizeni juu ya imani yake, bidii yake na adabu yake. Msimkatae kwa sababu ya kabila la baba yake. Mtoto anayesikia mezani kwamba jirani ni wa damu mbaya amekwisha kuandikiwa kitambulisho moyoni, na siku ya fitina atajua kukitumia.

Ubatizo umetupa sote jina moja, nalo ni wana wa Mungu. Juma hili kila mmoja wetu ampelekee salamu jirani ambaye watu humwita mgeni, akamwite ndugu.

Mwenyezi Mungu awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.