Kidole Hakipimi Maji Yote

Leo nimeleta vitu vitatu mezani: sufuria nyembamba, beseni pana, na kifuko cha SRO, ile dawa ya mtoto anayeharisha.

Kifuko hiki kimeandikwa: maji lita 1. Nyumbani wengi hatuna kipimo, basi tunatia kidole na kusema, «Maji yafike hapa.» Je, inatosha? Tuangalie pamoja.

Namwaga maji katika sufuria mpaka urefu wa kidole. Nafanya vilevile katika beseni. Kidole kinasema maji ni sawa. Macho yenu yanasema hapana! Kidole kinapima kina tu, yaani kwenda chini. Lazima kujua pia eneo, yaani ukubwa wa uso wa maji. Eneo mara kina, ndiyo wingi wa maji.

Tufanye hesabu. Mkebe wa pembe nne, sentimeta 10 kwa 10, una eneo la 100. Ukitia maji ya kina cha 10, unapata 1.000: ndiyo lita moja kamili. Sasa chukua chombo cha sentimeta 20 kwa 20. Upande umezidi mara mbili, lakini eneo ni 400, mara nne! Kina kilekile cha 10 kinakuwa lita 4. Hata vyombo vya mviringo ni vile: upana mara mbili, maji mara nne.

Mukienda Kalemie munaona Ziwa Tanganyika. Ziwa Victoria linalipita sana kwa eneo. Lakini kina cha Victoria ni meta 40 hivi kwa wastani, na cha Tanganyika ni meta 570 hivi. Kwa hiyo ziwa letu lina maji zaidi ya mara sita kuliko lile pana!

Turudi kwa mtoto. Maji yakizidi, dawa inakuwa hafifu, haimsaidii. Maji yakipungua, chumvi inazidi, nayo inaweza kumdhuru sana.

Basi mama, fanya hivi:

1. Soma kifuko chako kinataka maji kiasi gani.
2. Tafuta chupa iliyoandikwa lita 1. Chupa kubwa ya bia haifiki lita.
3. Mimina chupa hiyo moja katika sufuria yako, utie alama pale maji yanapofika. Alama ni ya sufuria ile tu, siyo ya jirani.
4. Changanya kifuko kizima na maji safi ya kunywa. Mpe mtoto kidogo kidogo kwa kijiko, na uendelee kumnyonyesha.
5. Dawa iliyobaki baada ya saa 24, uimwage.

Mtoto akishindwa kunywa, macho yakiingia ndani, au akiharisha damu, usingoje: mlete upesi.

Kliniki ijayo, kila mama aje na sufuria yake. Tutatia alama pamoja.