Mzee na Kijana Katika Kazi ya Nyuki

(Hotuba kwa warina asali wa Kibondo na Kasulu)



Leo twataka kusema juu ya kazi ya nyuki, na juu ya maneno yanayoiharibu. Mzee humwambia kijana, "Nyamaza, mtoto wa juzi wewe." Kijana naye hunong'ona, "Mambo yenu ya zamani yamekwisha." Basi kila mmoja hushika njia yake msituni. Twakiri kwamba kosa hili ni letu sote, wakubwa kwa wadogo.

Desturi ya kuamuru bila kuulizwa tumeitoa wapi? Kabla ya Uhuru wa 1961, wengi katika babu na baba zetu walikwenda manamba, wakasafiri mbali kukata mkonge. Kule nyapara alisema, mtu akatii. Lakini msitu wetu si shamba la mkonge, wala mwana wetu si manamba.

Tazameni hasara yake. Mzee ajua mti upi hutoa maua na lini, na mahali nyuki wapendapo kuingia. Maarifa hayo hayakuandikwa; akifa nayo, yamepotea. Kijana naye amejifunza mzinga wa sanduku. Ajua kwamba mti ukibanduliwa gome pande zote ili kufanya mzinga, hufa. Na miti ikifa, nyuki watapata wapi maua? Ajua pia kutoa masega ya asali na kuyaacha yenye majana, ili kundi lisiangamie. Lakini sanduku lililotundikwa pasipofaa hukaa tupu. Basi kila mmoja ana nusu ya kazi.

Kwa hiyo twasema hivi: kijana aanze kwa salamu, kwa makofi na heshima kama ilivyo desturi ya Buha, ndipo aulize. Mzee naye asijibu tu, "Ndivyo tulivyokuta", aeleze sababu. Kabla ya kwenda kurina, wote wakae pamoja, na aliye mdogo apewe nafasi ya kusema. Tena mapato yahesabiwe mbele ya wote, maana fedha za siri huzaa manung'uniko.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli, lakini methali haikusema kwamba mkuu asisikie.

Msimu huu, kila mzee aendaye msituni afuatane na kijana mmoja. Na kila kijana mwenye sanduku amwulize mzee mahali pa kulitundika. Sisi wenyewe twaanza.