Urithi wa Mmoja na Haja ya Wengi
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Jambo nililoombwa kulizungumza ni zito, maana linagusa kaburi na linagusa mfuko. Je, yafaa sheria ichukue sehemu ya urithi wa matajiri ili kuwatunza wazee, wajane na yatima. Au kila mtu awe huru kumwachia amtakaye jasho lake lote?

Wapo wasemao kwamba mtu aliyelima, akafuga, akalipa kodi maisha yake yote, hapaswi kutozwa tena akiisha kufa. Hoja hiyo ina nguvu. Mzazi hujinyima kwa ajili ya wanawe, na akijua kwamba akiba yake itachukuliwa, huenda akaacha kuiweka. Tena huuliza: fedha hizo zikiisha kuingia Serikalini, ni nani atakayehakikisha kwamba zimemfikia mjane?

Lakini tukumbuke kwamba uhuru huo haujapata kuwa kamili. Kwa Waislamu, wosia haupiti theluthi moja ya mali pasipo ridhaa ya warithi. Nayo Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyotungwa mwaka 1972 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, humruhusu mtu kuandika wosia apendavyo, ila huipa mahakama uwezo wa kuwakatia fungu mke, watoto na wategemezi wengine waliosahauliwa. Basi mpaka upo tangu zamani. Linalobaki ni kuamua mpaka huo umlinde nani: jamaa ya marehemu peke yao, ama na jirani pia?

Wenzetu wamelijaribu jambo hili. Uingereza ilianzisha ushuru wa mali ya marehemu mwaka 1894, na kiwango cha juu kilikuwa 8 kwa mia. Kufikia mwaka 1949 kilikuwa 80 kwa mia kwa mali iliyozidi pauni milioni moja. Siku hizi ni 40 kwa mia ya kile kinachozidi pauni 325,000, na anachoachiwa mke au mume hakitozwi. Hata Andrew Carnegie, tajiri wa chuma wa Marekani, aliusifu ushuru wa namna hii katika maandishi yake ya mwaka 1889. Lakini Sweden, nchi isifiwayo kwa kuwatunza watu wake, iliufuta mwaka 2004. Kenya nayo ilikuwa nao, ikaufuta mwaka 1982.

Yafaa tujue taabu yake. Mali yetu iliyo nyingi ni ardhi, na ushuru hutakwa kwa fedha. Mwenye ekari tatu na ng'ombe wawili atalipa kwa nini, isipokuwa kwa kuuza shamba? Na tajiri mkubwa ana mawakili. Huigawa mali mapema, au huiweka katika kampuni, ushuru ukamwangukia mtu wa katikati.

Pamoja na hayo, mimi naona ushuru huo wafaa kurudi, lakini kwa masharti manne. Kwanza, shamba linalowalisha jamaa na nyumba wanamolala visiguswe. Pili, mjane asitozwe maadamu yu hai. Tatu, wenye ardhi walipe kidogo kidogo kwa miaka kadhaa, kama Uingereza inavyowaruhusu kulipa kwa miaka 10. Nne, fedha hizo ziwe na mfuko wake, na hesabu yake isomwe hadharani; kwa maana mali bila daftari huisha bila habari.

Mwaka 2018 Serikali ilianza kuwalipa wazee wote walioandikishwa, wenye umri wa miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 kwa mwezi. Mzee anayeishi kwa hizo akimwona kijana akirithi majumba asiyoyajenga, hawezi kuambiwa kwamba hilo ni jambo la nyumba moja tu. Kijana yule hakupoteza uhuru wowote kwa kukatwa sehemu ya kile ambacho hakukitolea jasho. Na baba yake alitajirika kwa barabara, soko na wafanya kazi wa watu wote.

Wakati tunangoja sheria, chama chetu kina la kufanya. Naomba kila mwanachama aandike wosia wake mbele ya mashahidi wawili, na mwenye uwezo atenge fungu kwa ajili ya mfuko wetu wa wajane na yatima. Asilazimishwe mtu, wala asiaibishwe aliyekataa. Naye Mtunza Hazina asome kila mwaka kilichoingia na aliyesaidiwa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Nimesema niliyo nayo, Wazee wangu. Shauri ni lenu kulipima na kulikata.